Mgeni Niliyemsindikiza Hadi Mtoni

Kisa hiki kimenipata mwenyewe, hapa hapa London, na wala sikuwa na homa. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia huniuliza kwanza kama nilikuwa nimelala vizuri. Nililala vizuri. Hata chai nilikuwa nimekunywa.

Mimi ni mtu wa Temeke. Miaka yote niliyoishi Dar sikuwahi kuingia ndani ya nyumba ya Masaki. Nilikuwa naona kuta zake na walinzi wake tu. Masaki nimekuja kuiingia nikiwa Woolwich, huku huku London. Usicheke. Nilipata kazi ya kulea mtoto kwa Waingereza waliorudi kutoka huko, na walirudi nayo yote: mikeka ukutani, picha za tingatinga ngazini, khanga mezani chini ya sahani. Mama mwenye nyumba alikuwa akiikumbuka bahari iliyokuwa nyuma ya ukuta wao mpaka analengwa na machozi, kisha anakumbuka jinsi umeme ulivyokuwa ukikatika, anajifuta.

Mtoto wao, Elsie, alizaliwa Dar. Ndiyo maana walinitafuta mimi, walitaka mtu wa kuzungumza naye Kiswahili asije akakisahau. Na wallahi alikuwa na adabu kuliko watoto wa ndugu zangu waliozaliwa hapa, ambao ukiwasemesha wanakujibu Kiingereza. Elsie anaamkia shikamoo. Ukimwita anaitika abee. Mgeni akiaga, anakimbilia viatu ili amsindikize. Yote hayo alifundishwa na yaya wake wa Masaki, Dada Somoe, mwanamke wa Kilwa aliyemlea tangu mchanga.

Shida ni kwamba mtoto alikuwa hataki kula. Anagusa chakula, anasukuma sahani, ananiuliza Dada Somoe anakuja lini. Mama yake alimwambia Dada yuko njiani. Mimi nilijua ni maneno ya kumbembeleza, nikanyamaza, si mwanangu. Alikonda mpaka sketi ya shule ikawa inamvuka, na daktari haoni ugonjwa. Nilikuwa naogopa, nikuambie kweli. Mtoto mdogo vile hana mwili wa kupoteza.

Basi, ilikuwa majira ya baridi, ule wakati wa kutoka shule ambapo huku giza limeshaingia. Baba Elsie alikuwa juu, kwenye mikutano yake ya kompyuta. Mimi na mtoto tuko jikoni. Nikasikia mlangoni, "Hodi."

Sasa jiulize, nani anapiga hodi London? Hapa watu wanabonyeza kengele, na kabla ya kengele wanatuma ujumbe. Tangu nishuke kwenye ndege sikuwa nimeisikia hodi mlangoni kwa mtu. Roho ikafurahi, mdomo ukajibu wenyewe, "Karibu." Sikuuliza nani. Na mlango sikuufungua, uelewe hapo. Nilipogeuka, alikuwa ameshaingia.

Mwanamke mfupi, amejifunga khanga moja na kujitanda nyingine, miguuni ndara. Nje theluji. Elsie aliruka kutoka kitini akamkumbatia akimwita jina, ndipo nikajua ni nani. Unaamini kwamba nilifurahi? Nilisema moyoni, kumbe mama hakudanganya. Nikamvutia kiti, nikampa chai. Akaishika, hakuinywa. Na Elsie akala. Alikula wali na mchuzi wote, amekaa mapajani mwa yule mwanamke, nami nusura nilie.

Baba Elsie akashuka kuchukua maji, visikizio vyake masikioni. "Mambo, Dada," akasema, akajaza glasi, akapanda zake juu. Watu waliozoea nyumba yenye mlinzi, mpishi na mtunza bustani hawamwangalii sana aliyekaa jikoni.

Kisha mgeni akasimama. "Naomba ruhusa," akasema. "Elsie, nisindikize."

Mtoto alishafika kwenye viatu. Nikainama nimfungie kamba, na hapo nikaiona miguu ya mgeni. Ndara zimejaa mchanga mweupe wa pwani, mkavu. Kila akiinua mguu mchanga unamwagika, na sakafuni haufiki.

Nikaelewa. Nikaanza kusoma nilivyofundishwa madrasa, ulimi ukakataa. Kilichobaki kichwani ni adabu tu. Mgeni akiomba kusindikizwa humnyimi, hilo nililijua. Lakini anayesindikiza ni mwenyeji, na aliyesema karibu ni mimi.

"Dada, mtoto ataugua kwa baridi hii," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekukaribisha. Nitakusindikiza mimi."

Alinitazama, kisha akanipa mkono. Nikampazia sauti baba ashuke akae na mtoto, tukatoka.

Tulielekea mtoni. Mkono wake haukuwa wa baridi kama unavyodhani. Ulikuwa wa moto, wa mtu aliyeshinda juani. Na kusindikizana kwetu unakujua, mgeni ndiye hukuambia inatosha, rudi. Nilisubiri aseme. Tukapita kituo cha basi, hakusema. Tukafika kwenye ngazi zinazoshuka majini, nikakanyaga ya kwanza, hakusema. Nilitaka kusimama, miguu haikutaka.

"Dada, niache hapa," nikasema. "Nina mama yangu ananitegemea."

"Na mimi nina mtoto," akajibu. "Ananiita kila siku. Nitalalaje?"

Hofu yangu ikageuka huruma. Hakuja kwa ubaya, alikuwa anaitwa. Nikamwambia nitamweleza mtoto ukweli, leo hii, hata kama watanifukuza kazi.

Akauachia mkono wangu. "Haya, rudi," akasema. Sikumwona alikoelekea.

Nilipofika nyumbani, Baba Elsie alikuwa amekaa kwenye ngazi, mtoto ameshamwambia mgeni alikuwa nani. Akaniambia habari walizipata kwa mlinzi wao wa zamani wa Masaki. Dada Somoe aliugua ghafla, akazikwa kwao Kilwa. Wao walituma rambirambi, wakamficha mtoto ili asiumie. "Nilimsalimia," akawa anarudia. "Nilimsalimia mimi."

Sikumsubiri mama. Nilimpakata Elsie nikamwambia kwamba Dada Somoe amefariki, amezikwa, na hatakuja tena. Alilia mpaka usingizi ukamchukua. Asubuhi akaomba uji, akamaliza, akaomba mwingine. Mama yake alininunia siku kadhaa, halafu alipoona sketi inakaa kiunoni akanishukuru.

Kazi ninayo mpaka leo. Lakini kiganja changu cha kulia hakijapoa. Daktari amekipima, hakuona kitu. Nikiwashika watoto wengine kuvuka barabara wanachomoa mikono yao, wanasema nawaunguza. Elsie peke yake ndiye hukishika, na hajawahi kuniuliza kwa nini ni cha moto.

Kwa hiyo ukiwa ugenini ukasikia hodi, uliza nani kabla ya kukaribisha. Na kama nyumbani kwako kuna mtoto anamsubiri mtu asiyerudi, mwambie ukweli, hata ukikukwama kooni. Usimwambie yuko njiani. Anayelisikia neno hilo si mtoto peke yake.