Bi Hamdiya na Mtihani wa Masikio

Alief nzima, mtaa wa Houston, ilimjua Bi Hamdiya kwa uongo wake, na Alief nzima ilimsamehe. Alisema kwao Pemba palikuwa na jogoo akiwika Wete, watu wa Mkoani wakaamka wakatia udhu. Alisema siku aliyoshuka Houston jua lilikuwa kali hata akavunja yai juu ya boneti la teksi ya mwanawe Hemed, na yai likaomba lihamishiwe kivulini. Ukimkatiza alikwambia, "Kama hutaki, kasikilize redio," na hakuna aliyeinuka kwenda kwenye redio.

Ukweli mmoja aliufunga kibindoni asiutoe kwa mtu: hakujua kusoma. Hemed alimleta mwaka 1979 alee wajukuu. Wajukuu wakakua, wakawa wanamjibu kwa Kiingereza, naye Kiingereza hicho akakiokota kwa masikio, mchana kutwa mbele ya televisheni, kwenye ile michezo ambayo wanawake wanne wanagombania bwana mmoja mwaka mzima na bwana haishi. Kwa hiyo alikisema vizuri, ila kwa hasira kidogo.

Ndicho kilichompa kazi katika shule moja ya sekondari, msaidizi wa chumba cha mitihani. Siku ya kuomba kazi walimpa fomu, akasema miwani ameisahau nyumbani, wakamjazia. Miaka sita baadaye miwani bado ilikuwa nyumbani, na hakuna aliyepata kuiona.

Mkuu wake alikuwa mwalimu Prudensia, binti wa Bukoba, mwenye shahada mbili na sauti ya kanisani. Kazi yao ilikuwa kuwapima watoto wageni waliotoka nchi nyingine. Kwanza sikio, halafu jicho. Sikio lilipimwa kwa kanda: mwanamume anasema jambo, mtoto anatia alama kwenye picha inayofanana na alichosikia. Jicho lilipimwa kwa kijitabu, mtoto anasoma kimya na kujibu. Kila mtihani alama arobaini. Aliyepata kidogo alipelekwa darasa la kujifunza Kiingereza, akashikwa mkono. Aliyepata nyingi alitupwa moja kwa moja kwenye madarasa ya Wamarekani, aogelee.

Agosti ya 1996, siku ya zamu ya watoto wanaozungumza Kichina, kanda ililiwa na mashine. Watoto walikuwa ishirini na mbili, wengine wametoka Taiwani, wengine Hong Kong, wengine Kantoni, penseli mkononi, na utepe ukatoka nje kama utumbo wa kuku.

"Bi Hamdiya, usiwaache watoke," Prudensia alisema. "Naenda kuazima mashine shule ya pili. Nusu saa tu."

"Nenda, mwanangu. Nikimwachia hata mmoja, nikaange pamoja na wale panzi wenu wa Bukoba, senene."

Nusu saa ikawa saa nzima. Barabara kuu ilikuwa imefungwa kwa ajali, Prudensia amekwama na mashine kwenye kiti cha nyuma. Watoto walianza kutazamana. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, na asiyepimwa siku hiyo hakuwa na darasa la kuingia. Bi Hamdiya alizitazama nyuso zile, akaona woga, naye woga wa mtoto hakuuweza. Tena kanda ile alikuwa ameisikia miaka sita. Aliijua kama mtu anavyoijua Fatiha.

Akasimama mbele, akaunganisha viganja, akaanza. Aliitoa yote, swali la kwanza mpaka la arobaini. Mwanamume wa kwenye kanda alikuwa akikohoa kidogo kabla ya swali la kumi na saba. Bi Hamdiya naye alikohoa.

Lakini mwanamume wa kwenye kanda hakuwa na mikono. Bi Hamdiya alikuwa nayo miwili, na uso, na kiuno. Kanda iliposema mwanamke amekosa basi kwa sababu ya mvua, yeye alikimbia pale pale aliposimama, akajifuta maji usoni, akalitazama basi likiishia. Iliposema mzee ameumwa jino, shavu lake lilivimba. Msimulizi ukimwambia asimulie kwa mdomo peke yake, umemfunga kamba.

Mstari wa mbele alikaa msichana wa miaka kumi na sita, Yaling Kuo, nywele zimefunika masikio yote mawili. Macho yake hayakutoka kwenye mdomo wa Bi Hamdiya hata mara moja. Bi Hamdiya alipata kusikilizwa na wengi, lakini kusikilizwa namna ile hakuwahi. Roho ikamjaa. Kuanzia swali la kumi hivi alisahau wengine wote, akamsimulia Yaling peke yake.

Prudensia aliporudi anahema, vijitabu vilikuwa vimeshapangwa mezani.

"Umefanyaje?"

"Nimeipiga makofi mashine yako, ikatii."

"Kanda ikacheza?"

"Ikacheza mpaka mwisho. Mashine ni kama bwana, mwanangu, inataka kujua nani mkubwa."

Prudensia alicheka, akaandika kwamba mtihani ulifanyika kama kawaida. Matokeo ya sikio yalipotoka hakuna aliyeshuka chini ya thelathini na tatu. Yaling alipata thelathini na tisa, na kwenye kusoma thelathini na nane. Jina lake likaondolewa katika orodha ya watoto wa kuangaliwa, akapelekwa kwa Wamarekani.

"Wamelishwa nini hawa?" Prudensia aliuliza.

"Hawa wamezaliwa na herufi elfu kumi. Hizi zenu ishirini na sita ni karanga za njiani."

Septemba, Bi Hamdiya alikuwa akisukuma kitoroli cha vijitabu ukumbini, akamwona Yaling mbele yake, mgongo umemwelekea. Akamsalimia. Yaling akaendelea na safari. Kesho yake akamsalimia tena, kimya. Mara ya tatu aliinua sauti hata walimu wawili wakageuka, na Yaling akakunja kona bila kutazama nyuma.

Sasa, umtukane mtu wa Pemba, atakutukana na mtapatana. Umnyime chakula, atasema una shida zako. Salamu ni jambo jingine. Kuitoa ni hiari, kuipokea ni faradhi, na asiyeipokea amekwambia wewe si mtu.

"Yule mtoto wako wa thelathini na tisa ameota mapembe," alimwambia Prudensia.

"Labda hakukusikia."

"Nani, aliyepata thelathini na tisa?"

Prudensia akarudi kwenye makaratasi yake; alama alizitia mwenyewe kwa mkono wake.

Basi Bi Hamdiya akanuna. Kununa kwake kulikuwa kazi ya mikono, kama kufuma. Wakikutana uso kwa uso Yaling alitabasamu, akainamisha kichwa kidogo, naye Bi Hamdiya aligeuka akahesabu vijitabu asivyojua vimeandikwa nini. Oktoba hivyo, Novemba hivyo, Ramadhani ikaingia na kutoka, yeye amenuna. Alijiambia, huyu mtoto nilimpa mtihani mzima kwa mdomo wangu, leo ananipita kama nguzo.

Darasani nako walimu waliona binti mpole, asiyepiga kelele, asiyeinua mkono. Walisema watoto wa Kichina ndivyo walivyo, na kumwacha na upole wake. Nyumbani mama alimwona akijiwekea pamba sikioni, akadhani ni mafua ya baridi. Baba alikuwa mpishi wa mkahawa, akirudi usiku binti ameshalala. Alama za Yaling zilishuka mwezi hadi mwezi, na Aprili mwalimu wa historia akaandika kwamba binti huyu ukimuuliza swali anakutazama kama anayekusubiri uanze kusema. Akaomba apimwe upya.

Safari hii palikuwa na mashine mpya, kila mtoto na vifaa vyake vya kuvaa masikioni. Kusoma, Yaling alipata thelathini na nane kama mwanzo. Kusikiliza, sita.

"Ofisi inasema mwaka jana aliibia," Prudensia alisema, karatasi mbili mbele yake. "Nani alikaa karibu naye?"

Bi Hamdiya alianza kuhesabu vijitabu. "Sikumbuki, mwanangu."

"Wewe unakumbuka harusi ya shangazi yako ya mwaka hamsini na mbili mpaka rangi ya kanga."

"Nilikuwa natazama mashine."

Barua ya wizi wa mtihani ilikuwa iwekwe kwenye faili la Yaling, nayo ingemfuata mpaka mlango wa chuo kikuu. Wazazi wakaitwa. Bi Hamdiya usiku ule hakula. Alijua binti hakuiba. Alijua pia kwamba akisema alichokifanya, kazi imekwisha, na ile miwani itatafutwa. Asubuhi alijiambia atanyamaza, wakubwa watayamaliza.

Baba alikuja na aproni ya jikoni bado kiunoni, akasimama mpaka alipoambiwa akae. Kwa kinywa cha mkalimani alisema ana aibu, kwamba binti ataacha shule aje kuosha vyombo mkahawani, nao wamsamehe kwa usumbufu. Mkubwa wa ofisi akasema si lazima kuacha, ila barua ni lazima. Yaling alikaa katikati yao. Bi Hamdiya, pembeni, akipanga penseli, alimtazama kwa mara ya kwanza tangu Septemba. Macho ya mtoto yalikuwa yakiruka kutoka mdomo mmoja kwenda mwingine, kila mara yakifika yamechelewa, mdomo umeshafungwa.

Aliyakumbuka macho yale kwenye mdomo wake, siku ya kanda. Alilichukua sanduku la penseli, akalipeleka nyuma ya kiti cha Yaling, akaliachia sakafuni.

Kila mtu aliruka. Baba alishika kifua. Yaling aliona wenzake wamestuka, akawatazama mmoja mmoja kujua kuna nini.

Penseli ziliviringika mpaka ukutani.

"Hasikii," Bi Hamdiya alisema kwa Kiswahili, akimtazama Prudensia. "Hajaiba. Kanda haikucheza siku ile. Mtihani niliusema mimi, kwa mdomo na mikono. Alinisoma mdomo."

"Bi Hamdiya."

"Waambie. Waambie na mimi sijui kusoma, ukiona inafaa."

Prudensia akawaambia, neno kwa neno, na sauti yake ya kanisani ikakatika mahali pawili.

Daktari wa masikio alisema kuna kitu kimeota nyuma ya ngoma ya sikio, pande zote mbili, kinakula vifupa polepole. Walimpasua Juni. Sikio la kulia lilikuwa limekwisha zamani. La kushoto lilibakiwa na kidogo, kama mtu anayesema chumba cha tatu milango ikiwa imefungwa. Angeletwa miezi sita nyuma, daktari alisema, la kushoto lingeokolewa. Bi Hamdiya aliihesabu miezi sita kwa vidole. Iliangukia Desemba. Alikuwa amenuna.

Barua ya kumfukuza kazi aliiandika Prudensia, na Prudensia huyo huyo akaja nyumbani kumsomea.

"Umeniongopea miaka sita," alisema alipomaliza.

"Saba kasoro kidogo."

"Ningekufundisha, mama. Jioni moja moja tu. Ungekuwa unasoma leo."

Bi Hamdiya akaikunja barua, akaifunga kibindoni.

Agosti familia ya Kuo ilihamia Plano, karibu na Dallas, kwa mjomba, ambako palikuwa na shule yenye walimu wa watoto wasiosikia. Asubuhi ya kuondoka Yaling aligonga mlango wa Bi Hamdiya, gari la baba linanguruma chini. Alitoa karatasi iliyokunjwa, akaitoa kwa mikono miwili, kama wanavyompa mkubwa.

Bi Hamdiya aliikunjua, akaigeuza huku na huku. "Miwani nimeisahau," alisema, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa mtoto asiyemsikia. Kisha akatabasamu, akatikisa kichwa kwa nguvu, ndiyo, ndiyo, kama amesoma yote.

Yaling alisubiri. Alimtazama mdomo, akasubiri. Baba akapiga honi, Bi Hamdiya ndiye aliyeisikia, akamwonyesha chini kwa kidole. Yaling aliinamisha kichwa, akashuka ngazi.

Prudensia aliisoma karatasi Jumamosi ile. Ilikuwa mistari miwili. *Wewe ndiye mtu pekee niliyekuelewa katika shule ile. Nilikukosea nini ukaacha kunitazama?*

"Amekuuliza swali," Prudensia alisema taratibu. "Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia ndiyo."

Walikaa. Chai ikapoa na utando juu. Halafu Prudensia akatoa kalamu, akasema, haya, sema, nitamwandikia. Bi Hamdiya alianza na macho yake, kwamba yalimsumbua mwaka mzima, akaacha. Akaanza na kijicho cha walimu fulani, akaacha. Mwanamke aliyelifanya yai liombe kivuli alitafuta na kutafuta.

"Mwandikie kwamba nilimsalimia mara tatu kwa nyuma, hakuitika, nikadhani ana kiburi."

"Na nini tena?"

"Basi. Hakuna tena."

Barua ilikwenda. Jibu halikuja wiki ile, wala mwezi ule. Labda mjomba alihama, labda Yaling aliisoma akaona hakuna la kujibu. Bi Hamdiya alifungua sanduku lake la posta kila siku, na kwa kuwa hakuweza kutambua bahasha ya nani ni ya nani, hakutupa hata moja. Kila Jumamosi alizimwaga zote mezani mbele ya Prudensia, naye Prudensia akavaa miwani, ya kweli, akazipitia.

"Hii ya mafundi wa paa."

"Tazama na nyuma."

"Nyuma ni picha ya paa, mama. Hii ya pitsa. Hii ya daktari wa meno. Hii ya paa tena."

"Hiyo ndogo?"

Prudensia aliichukua ile ndogo, akaisoma mbele na nyuma, akaiweka juu ya zile za paa na pitsa.