Majani Niliyomwibia Fundi

Jumanne nilipigiwa simu na binti wa fundi mmoja wa maabara: baba yake ametutoka. Ninyi mnaonisoma kila wiki hamkumjua. Alikuwa mtu wa majani. Aliyaleta kutoka milima ya Luhwindja, akayaanika kivulini nyuma ya nyumba yake kule Kasha, akayasaga, akayaloweka, kisha akadondosha maji yake katika chupa yenye dawa ya zambarau. Rangi ikififia hadi manjano, alipiga makofi. Maana yake, aliniambia, majani yana viambata vinavyozuia chembe za mwili zisichakae, huenda hata za ubongo.

Neno hilo la mwisho ndilo lililonikamata. Mama yangu alikuwa ameanza kuniita kwa jina la kaka yake marehemu. Nikamwomba fundi majani, akakataa. Basi siku moja alipoingia ndani kuniletea kiti, nikachota konzi mbili na kutia mfukoni. Nyumbani nikayatwanga na kuyachemsha kutwa nzima kama sombe, kisamvu chetu, maana sikujua namna nyingine ya kupika majani. Mama alikula, akalalamika kwamba hayana mawese. Nikampigia fundi simu nijitape. Alifika anahema, viatu vimejaa matope.

"Papa, unamulisha maman yako kitu hatuyue bado kama iko na sumu? Rangi inapotea mu chupa, lakini kichwa ya mutu haiko chupa!"

Hakuondoka. Alikaa na mama hadi jioni akimpima mapigo ya moyo, na ili asisinzie akamwonyesha majani aliyokuwa nayo mkobani, moja baada ya jingine. "Maman, hii munaita namna gani?" Mama, aliyesahau jina langu, aliyataja yote kwa Kimashi: hili la tumbo, lile la mbuzi. Tangu hapo fundi alirudi kila Jumapili baada ya misa, na daftari mkononi, akiandika aliyofundishwa na mama, mpaka tulipomzika. Jumapili hizo nazikumbuka kwa uchungu na kwa furaha.

Siku hizi kila kona ya mji wetu kuna mtu mwenye chupa inayoponya kila kitu. Jana binti wa fundi alinipa lile daftari. Kando ya kila jani lililobandikwa humo kuna jina la mama yangu, na mbele yake neno "mwalimu". Nikalitafuta jani nililoiba. Fundi alikuwa ameandika: "Bado hatujui." Mimi niliyejifanya kujua ningeweza kumuua mama, yeye aliyekiri hajui ndiye aliyemtunza.