Wakwe Wawili na Mkataba wa Wafalme
Jumamosi iliyopita, kwenye duka moja la Waafrika huko Alief, mtaa mmoja wa ughaibuni, nilikuta wanawake wawili wakibishana juu ya chakula cha harusi. Mama wa bwana harusi, Mzanzibari, alitaka biriani. Mama wa bibi harusi, wa Mombasa, alishikilia pilau.

"Basi harusi haipo!" akasema wa Mombasa, akirudisha mfuko wa mchele rafuni.

Binti yake, bibi harusi mwenyewe, anayesoma historia chuoni, akamshika mkono. "Mama, please. Wafalme wa Uingereza na Ureno waliwekeana mkataba, wakautia nguvu kwa harusi. Miaka mia sita na ushei, bado wanapatana."

Mzanzibari akageuka. "Mkataba ulisema chakula gani kiliwe harusini?"

"Sijaona popote."

"Ndiyo maana umedumu." Akauchukua ule mfuko, akautia kwenye toroli ya mwenzake. "Pika utakacho, dada yangu. Mimi nataka mkwe."

Wapo mabalozi wasioweza kusema hivyo.