Siku Mkaguzi Aliporuka Ua wa Kayaba

Ninyi mliokwenda shule peku miaka ile Uhuru ukiwa bado mchanga, mtanielewa. Sisi wa Bukhayo, mpakani mwa Kenya na Uganda, tuliondoka nyumbani umande ukituosha miguu, kipande cha muhogo wa kuchemsha mfukoni kikitupasha joto. Mashamba ya pamba yalikuwa meupe njia nzima. Jioni tulicheza mchezo wa kati kwa mpira wa matambara mpaka mama zetu walipotuita kwa majina yetu yote mawili, na ukiitwa yote mawili ulijua kuna kiboko. Na Uganda ilikuwa pale tu. Tulivuka asubuhi kumsalimu shangazi, tukarudi na ndizi kichwani, na hakuna aliyetuuliza kitu.

Mimi nilikuwa mzito. Nilitembea pole, nilikula pole, nilijibu pole. Baba alikuwa akisema, "Huyu ukimtuma kuni za leo, atakuletea za kesho." Alisema kwa mapenzi. Lakini nilipokuwa darasa la sita mama alijifungua mapacha, na utani ukaisha. Baba akaamua niache shule nisaidie kulea. Msichana mzito kama mimi, Kiingereza kingenifaa nini?

Mama alikuwa amempakata pacha mmoja kila upande. Akamjibu taratibu, "Ngoja kwanza mashindano yapite. Akishindwa, mimi nitanyamaza."

Mashindano yenyewe yalikuwa ya maneno ya Kiingereza, kati yetu na shule moja ya Malaba karibu na reli. Wanafunzi wawili wanasimama mbele ya watu. Mkaguzi anatoa maana, nao wanapokezana maneno yenye maana hiyo, bila kurudia. Atakayenyamaza mpaka mkaguzi ahesabu kumi, ameshindwa.

Mwalimu Wandera, aliyetufundisha Kiingereza, alinichagua mimi. Darasa zima lilicheka. Yeye akasema, "Kinachoingia polepole hakitoki."

Na alijua kuyaingiza. Kwake neno halikuandikwa ubaoni kabla halijatembezwa. Siku ya maneno ya wepesi alitutoa nje. "Brisk" ni mama anayewahi soko la Bumala kabla nyanya hazijaisha, basi sote tukazunguka uwanja tukiwa na vikapu vya hewa vichwani. "Hasty" ni yule anayetia chumvi mara mbili. "Swift" ni mbayuwayu, "nimble" ni mbuzi juu ya mwamba, na "sharp" ni mwenye duka pale mjini anayejua umekuja kununua nini kabla hujafungua mdomo. Tulirukaruka mpaka tukaanguka nyasini, mbavu zikiuma kwa kicheko. Mwalimu mwenyewe, na tai yake shingoni, alikuwa mbuzi kuliko sisi sote.

Siku ikafika. Wazazi walijaa uwanjani kwetu, baba akiwa nyuma kabisa, mikono kifuani. Mkaguzi wa shule alikaa mbele mezani, mtu mnene, viatu vinang'aa, suti nzito kwenye jua lile. Mpinzani wangu aliitwa Akiru, msichana Mteso mwenye ulimi kama cherehani. Mkaguzi akafungua karatasi na kutoa maana yake: wepesi, wa mwili au wa akili.

Nilitaka kucheka kwa furaha.

"Quick," akasema Akiru.

"Fast," nikasema.

"Rapid."

"Swift."

Tukaenda hivyo, yeye akirusha, mimi nikiokota. Brisk, hasty, nimble, speedy, sharp, alert. Akiru akatoa "prompt" bila hata kupepesa macho. Zamu ikawa yangu, na kichwa changu kikawa cheupe kama yale mashamba ya pamba.

"Moja," akahesabu mkaguzi. "Mbili."

Niliona uso wa baba. Niliona mapacha, nepi, na miaka yangu yote iliyobaki.

Alipofika "sita," ng'ombe dume wa jirani, aliyekata kamba, akaingia uwanjani kichwa chini. Watu wakatawanyika. Akiru akapanda juu ya meza. Mimi, kwa uzito wangu, nilibaki pale pale. Na ndipo nikamwona mkaguzi, na suti yake na tumbo lake, akiinuka hewani, akipita juu ya ua wa kayaba, miiba yote ile, na kutua upande wa pili kwa miguu miwili.

"Agile!" nikapiga kelele.

Baba alikuwa ameshamshika yule dume kwa kipande cha kamba shingoni. Kutoka nyuma ya ua sauti ikauliza, ikihema, "Spell it."

"A, g, i, l, e."

"Correct. Next."

Lakini Akiru alikuwa amekaa juu ya meza, machozi yakimtoka kwa kicheko, hawezi kusema hata jina lake. Mkaguzi akahesabu kumi akiwa huko huko, maana suruali ilikuwa imepasuka na hakutaka kurudi. Akiru aliposhuka alinishika mkono akaniambia, "Umenishinda kwa haki, dada." Tumekuwa marafiki tangu siku hiyo.

Njiani kurudi nyumbani, tulipokwisha kuvuka kijito, baba alisimama kunisubiri.

"Lile neno la mwisho," akaniuliza, "maana yake nini?"

"Mtu mwepesi wa viungo, baba."

"Mkaguzi?"

Akakaa nyasini, akacheka mpaka kofia ikamtoka. Alipomaliza alijifuta macho. "Endelea na shule," akasema. "Hao mapacha tutawalea sote."

Siku hizi wajukuu wangu, wanaoniita kukhu, yaani nyanya yao, wana neno moja tu: fasta. Chai fasta, kukhu. Njoo fasta, kukhu. Ukimwuliza kijana anakimbilia wapi, hajui, lakini bodaboda tayari inangoja getini ikinguruma. Sisi tulikuwa na maneno kumi na mawili ya haraka, na bado tulipata jioni nzima ya kulala chali nyasini tukicheka. Juzi nilimkalisha mmoja nimsimulie haya. Aliinuka katikati, akanibusu shavuni, akaenda zake. Nikamalizia kuwasimulia kuku.