Yuditha wa Mkata na Agano la Chumvi

Alizaliwa Yuditha mwaka 1951 huko Mlalo, milimani Usambara, akabatizwa Korogwe ya Zamani baada ya wazazi wake kuteremka kutafuta kazi ya mkonge. Mungu alimjalia moyo mpana na kicheko cha karibu. Akaolewa na Semboja, mkulima wa Mkata, nchi kavu ambako maji yanaamkiwa shikamoo.

Mwaka mmoja wa njaa, akiwa na mimba ya kwanza, ya mwanawe Kaleb, na mumewe yuko mbali akisaka chakula, jirani yake Hajira, Mwislamu wa Kizigua, alimwita ndani. Kulikuwa na ugali wa makopa ya muhogo, kitoweo chumvi tu. Wakala sahani moja. Hajira akasema, "Dada, tumekula chumvi. Mlango wangu ni wako, na wako wangu." Yuditha alishasikia kanisani habari za agano la chumvi, lile la milele. Akaitika, "Mpaka kaburini." Watakatifu wengine waliitwa kwa sauti toka juu, yeye aliitwa kwa tonge.

Baadaye kanisa likajenga tangi la maji ya mvua. Waislamu nao walibeba mawe, maana wakubwa wa kanisa waliahidi kila nyumba itachota. Yuditha akakabidhiwa ufunguo. Ukame wa 2006 ulipobana, wakubwa hao hao, ambao kwao maji hufika kwa gari, wakakaa kikao: wachote washarika tu. Asubuhi Hajira akaja na ndoo. Yuditha akafungua.

Aliitwa barazani. "Mama huyu amekula chumvi nyingi," alisema mzee Habakuki, "ndiyo maana anasahau maagizo." Watu wakaangua kicheko, na Yuditha akacheka nao.

"Sikula nyingi, mzee wangu. Nilikula kidogo, na mtu mmoja. Ninyi mliahidi, mkabadilisha kikaoni. Agano halina kikao."

Wakamnyang'anya ufunguo, wakamtenga na Meza ya Bwana mpaka atubu. Kwa mtu aliyeipenda Meza ile kama mtoto apendavyo titi, hiyo ilikuwa kufa akiwa hai. Kila Jumapili aliimba akiwa dirishani, nje. Semboja alitaka wahame kanisa. "Baba Kaleb, nyumba ni ya Bwana," alimwambia, "wao wameshika funguo tu." Maji haba ya kisima chake akaendelea kugawana na Hajira.

Mwaka 2019 aliugua. Mchungaji alifika na kikombe: aseme tu kwamba alikosa, ashiriki.

"Mchungaji," akasema, "nikikana maji niliyompa Hajira, hicho kikombe nitakimezaje?"

Mchungaji akaondoka nacho. Semboja hajamsamehe mpaka leo. Yuditha alifariki siku ya tatu, kichwa mapajani pa Hajira.

Kaburi lilichimbwa na wana wa Hajira. Na hili ndilo ajabu linalosimuliwa Mkata: akina mama wa kanisa, waliozoea kunyamaza, walivunja kufuli la tangi wawape maji waombolezaji wote, na hakuna mkubwa aliyethubutu kuweka jingine.

Wapendwa, anayetaka kumwiga Yuditha asianze na kufunga wala kukesha. Akumbuke amekula na nani. Na mtu huyo akibisha hodi, amfungulie kabla hajamaliza salamu.