Primiamu ya Bi Mwanaesha

"Bi Mwanaesha keshatajirika," alisema Tumu, jirani wa Ummukulthum, akianua nguo huku kibanio kimemkaa mdomoni. "Hundi ya bima imeingia jana. Laki mbili, shoga. Mashemeji hawalali."

Ummukulthum alimpakata vizuri Mwanarusi, mtoto wake wa miezi sita, akavuka kichochoro.

Ishaq, mumewe Bi Mwanaesha, alikuwa fundi wa mitambo ya barafu huko Liwatoni. Alifariki Oktoba, na mjane wake yumo edani: hatoki nje wala hakabiliani na mashemeji mpaka Februari. Nyumba anayokaa, nyuma ya Ndia Kuu, Ishaq aliirithi pamoja na nduguze wawili. Edani hakuna wa kumtoa. Eda ikisha, atoe pesa za kununua sehemu zao, au aondoke. Pesa hizo tegemeo lake lilikuwa bima.

Ummukulthum alimkuta Bi Mwanaesha ghorofani, juu ya mswala, bahasha mapajani.

"Nisomee, mwanangu. Ni Kizungu, nami nimesoma Msahafu tu."

Hundi ilikuwamo kweli. Ya shilingi elfu moja na mia mbili.

Ummukulthum aliishia darasa la nane, kwa hivyo alisoma polepole, kidole kwenye mstari, akifasiri. Kwamba bima ilikatika kwa sababu primiamu ya Juni, Julai na Agosti haikulipwa. Kwamba pesa zilizopelekwa Septemba zinarudishwa, maana fomu ya kuifufua haikuletwa. Kwa hivyo siku aliyokufa Ishaq hakuwa na bima.

"Lakini nililipa," alisema Bi Mwanaesha. "Septemba nilimpa Kazungu miezi yote minne kwa mpigo, akanikatia risiti. Kwenye mchezo wetu wa upatu mtu akikwama hungojwa. Akipata hulipa ya nyuma, na zamu yake iko pale pale."

Kazungu ndiye wakala aliyekuja kila mwezi na mkoba wake, Mgiriama mpole. Ummukulthum aliwahi kumsikia, dirisha lake likielekeana na baraza ya Ishaq.

"Primiamu si mchezo, bwana Ishaq," alikuwa akisema. "Kwenye mchezo huweka, ukachukua. Hii ni bei ya kulindwa. Ukilipa mwezi huu, umenunua mwezi huu. Ukipita salama, pesa imekwenda, ushukuru Mungu. Usipolipa nitakuvumilia siku thelathini, kisha hakuna kitu."

"Yaani nalipia kifo changu kabla sijakionja?"

"Walipia usingizi wa mkeo."

Wakacheka. Aliyekuwa akimlipa Kazungu kila mwezi ni huyo mke, na siku hiyo alikuwa jikoni akikaanga bajia, hakusikia hata neno.

"Na hiyo fomu, Bi Mwanaesha?" aliuliza Ummukulthum.

Bi Mwanaesha aliinua pembe ya godoro. Fomu ilikuwa hapo, imekunjwa mara nne.

"Kazungu alisema Ishaq atie saini, aende kwa daktari. Ningempa, angejua nimezitumia pesa za bima. Nikaona pesa nimelipa, karatasi ya nini."

Ummukulthum alitaka kuuliza amezitumia kwa kitu gani. Jicho likarudi kwenye barua. Juni, Julai, Agosti. Juni ndipo alipozaliwa Mwanarusi kabla ya siku zake, akatiwa kwenye sanduku la kioo kule wodini. Kila mwisho wa mwezi Bi Mwanaesha alikuja akifungua fundo la leso. "Chukua. Nimepokea mchezo." Mara tatu. Hakujiuliza hata siku moja ni mchezo gani unaompa mtu mmoja zamu miezi mitatu mfululizo.

Akaiweka barua chini.

"Nitawaambia," alisema. "Shemejiyo Kamaludin akija, nitamwambia zilikwenda wapi."

"Ukishamwambia, nyumba itarudi?"

Mwanarusi alikuwa amelishika pindo la buibui la Bi Mwanaesha, analitafuna. Ummukulthum hakumzuia.

Kutoka chini ilisikika hodi, kisha sauti za wanaume wakivua viatu. Mmoja alikuwa akicheka.

"Wakae ukumbini," alisema Bi Mwanaesha. "Teremka uwasomee wewe. Soma yote, usiruke kitu. Wakisema kosa ni langu, ni langu. Lakini wakiuliza zilikwenda wapi, sema hujui. Nakuomba, mwanangu. Mtoto huyu atakulia mtaa huu."