Jicho Ndani ya Jeneza

Nichekeni tu, lakini mngekuwa nami kule Kabuchai Jumamosi mngepiga kelele pia. Rafiki yangu mwenye studio Kitale alinipa kamera mbili nizijaribu mazishini kabla ya kununua moja: kompakti ya kisasa, ndogo ya kuingia mfukoni, na mirrorless, ile kubwa ya kubadilisha lenzi.

Nilianza na mirrorless, nimeibandika jichoni. Chini ya kioo cha jeneza, marehemu alilala macho yamefumbwa. Kisha nikachukua ile ndogo, nikainyoosha mbele nikitazama skrini. Kile kimraba cha skrini kinachotafuta macho ya mtu ili kamera iyalenge kikatua juu ya kioo. Ndani yake jicho lilikuwa wazi. Nikasogea kushoto, likanifuata. Likapepesa. Kidole changu kikabonyeza chenyewe.

"Mzee yuko hai!" nikapiga kelele.

Kwaya ikanyamaza. Wabebaji wakarudi nyuma, mmoja akakalia shada la maua.

Mjane peke yake ndiye aliyenijia. Akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Mwanangu, ni wewe uko kwa kioo," akasema polepole. "Mzee wangu hana kofia."

Mbele ya maiti, mbele ya umati wote, nilikuwa bado sijaivua.